Makande kwa watoto 400: mwongozo wa chakula cha mchana shuleni, pamoja na mtoto ambaye kwao hakuna cha kuchangia

Jiko la shule likizimika, mara nyingi huzimika Februari au Machi. Mahindi yalichangishwa Januari, mwezi ambao ghala la mzazi mwenyewe limebaki vumbi. Walioweza walileta debe, wasioweza wakajificha, na kabla ya Pasaka mtunza stoo akawa anafagia sakafu. Mwongozo huu ni kwa kamati ya shule ya msingi ya kutwa, ya serikali, katika kijiji ambacho kaya nyingi zinahangaika. Mifano inafuata mikoa ya kati, Dodoma na Singida, yenye mvua za msimu mmoja na mavuno ya Mei hadi Julai. Walio kwenye vuli na masika wasogeze miezi. Hesabu ni zilezile.

Hatua ya 1: Pigeni hesabu ya mwaka mzima kabla ya kuitisha mkutano

Mtoto mmoja kwa siku moja anahitaji mahindi gramu 120, maharage gramu 30 (kunde, choroko au mbaazi zinafaa vilevile), mafuta ya kula gramu 5 na chumvi gramu 3. Bakuli hilo lina karibu kilokalori 570, yaani kama theluthi ya mahitaji ya siku ya mtoto wa miaka 7 hadi 10. Kalenda ya shule ina siku 194 za masomo. Kwa watoto 400, mwaka mzima ni:

- mahindi kilo 9,312, karibu magunia 93 ya kilo 100
- maharage kilo 2,328, magunia 23 na kitu
- mafuta kilo 388, sawa na lita 422 hivi, madumu 21 ya lita 20
- chumvi kilo 233

Mkiigawa kwa mtoto mmoja, inakuja mahindi kilo 23.3, maharage kilo 5.8, mafuta kama lita moja na chumvi zaidi kidogo ya nusu kilo. Zungusheni: kilo 24 na kilo 6.

Semeni kwa kilo, msiseme kwa debe. Debe la mahindi makavu lina kama kilo 18, lakini debe la kichuguu na debe lililofutwa kwa fimbo vinaachana kwa kilo nzima na zaidi, na hapo ndipo ugomvi unapoanza. Gunia la lumbesa ndiyo balaa zaidi. Nunueni au azimeni mizani ya kilo 100 mapema, muijaribu kwa ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, ambayo maji yake peke yake lazima yasome kilo 20.

Hatua ya 2: Mzigo wa wasioweza ugaweni waziwazi, kwa namba

Kila kijiji kina watoto ambao kwao hakuna cha kuleta: wanaolelewa na bibi, wenye mzazi mgonjwa, waliovuna mabua. Kamati nyingi hujifanya hawapo, zinaweka mchango sawa kwa wote, halafu pengo linaonekana Februari. Lihesabuni tangu mwanzo.

Tuseme kati ya 400, watoto 60 hawatadaiwa chochote. Mahindi yao ni 60 × 24, kilo 1,440. Mkizigawa kwa watoto 340 waliobaki, kila mmoja anaongezewa kilo 4.2. Jumlisha asilimia 5 ya kupeta, panya na vumbi la chini ya gunia, mchango wa mtoto unakuwa kilo 30 za mahindi na kilo 7.5 za maharage. Hiyo ndiyo namba ya kupeleka mkutanoni. Mkiwa na shamba la shule, mavuno yake yaingie kwenye pengo hili kwanza, mchango ushuke. Msilitegemee kwa zaidi ya hapo, maana mvua ikikataa kwa mzazi inakataa na kwa shule.

Pa kuanzia kuwatafuta hao 60 ni orodha ya kaya za TASAF (mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini) iliyopo ofisi ya kijiji, ila isiwe ndiyo mwisho. Ina majina ya watu waliokwisha kuinuka na imewakosa walioanguka mwaka huu. Wenyeviti wa vitongoji wakae na mwalimu mkuu jioni moja, wapitie jina kwa jina, na orodha hiyo isisomwe hadharani. Kaya yenye watoto wanne shuleni nayo ipewe kikomo, kwa mfano mtoto wa tatu nusu na wa nne bure. Mkifanya hivyo rudieni hesabu, kwa sababu wanaolipa kikamilifu wamepungua.

Mchango upitishwe na mkutano mkuu wa kijiji, muhtasari uandikwe, usainiwe na upelekwe kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia ofisa elimu kata. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu ya mchango, na kumnyima bakuli mbele ya wenzake ni kumrudisha kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo pitisheni pia, kwenye mkutano uleule, kwamba deni ni la mzazi na linadaiwa na serikali ya kijiji. Mwalimu asidai. Mtoto asitumwe na kopo la mahindi, asisomwe jina mstarini, asiulizwe kitu kwenye foleni ya chakula. Nairobi, kwenye mpango wa Dishi na County ulioanza 2023, mtoto anagusisha bangili ya kielektroniki tu na kupewa sahani yake. Anayegawa hamwulizi nani kamlipia. Kijijini hamhitaji bangili. Mnahitaji orodha ya wadaiwa ikae ofisi ya kijiji na isifike jikoni.

Mkusanye Juni hadi Agosti kwa ajili ya Januari inayofuata. Mtu mwenye magunia manane uani hutoa kilo 30 bila kinyongo. Mtu huyohuyo Januari ananunua kwa kibaba.

Hatua ya 3: Kupokea mahindi

Hapa ndipo pa kukaa macho kuliko popote. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na chanzo kilikuwa mahindi ya nyumbani, ya kawaida kabisa. Sumu hii inatengenezwa na ukungu, haina ladha, na kuchemsha hakuiondoi. Mahindi ya shule yanatoka kaya mia mbili au tatu. Kaya moja ikileta yaliyovunda na mkayamwaga kwenye lundo, mmewalisha wote.

Pokeeni kwa siku maalumu, mbili au tatu tu kwa kila kitongoji, watu watatu wakiwepo: mjumbe wa kamati, mtunza stoo na mzazi asiye kiongozi. Kila mfuko ufunguliwe na kumwagwa kwenye turubai kabla ya kupimwa. Tazameni punje zenye rangi ya kijani, kijivu au nyeusi, zilizosinyaa, zilizotobolewa. Nusa: harufu ya uvundo inatosha kukataa. Mkiona punje chache mbaya, mleta mzigo apete na kuchagua palepale, mpime kinachobaki. Zilizotolewa zichomwe au zifukiwe, zisiende kwa kuku wala kwenye pombe.

Unyevu unapimwa kwa chupa na chumvi. Chukueni chupa ya kioo kavu yenye mfuniko, tieni mahindi hadi theluthi, ongezeni vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, tikiseni dakika moja, acheni dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15, yarudi juani. Ikianguka yote chini, yako chini ya hapo. Stoo inataka asilimia 13.5 au pungufu, kwa hiyo hata yaliyofaulu yapeni siku moja au mbili zaidi kwenye turubai, au mwombeni ofisa ugani aje na kipimo chake. Kama chumvi yenyewe ina unyevu, kipimo kitadanganya; ianikeni kwanza.

Kataeni bila mjadala mbegu zenye rangi ya waridi, nyekundu au kijani, hata mwenyewe akisema ameziosha. Zimepakwa dawa. Kwa mahindi yaliyowekwa vumbi la kuhifadhia, ulizeni yaliwekwa lini, mwandike tarehe kwenye gunia, na yasipikwe kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti ya dawa hiyo kuisha.

Mafuta yasipokelewe kwenye dumu la mtu. Julai 2013 katika jimbo la Bihar, India, watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha shule kilichopikwa kwa mafuta yaliyokuwa yamehifadhiwa kwenye chombo cha dawa ya wadudu. Kwenye vijiji vya pamba na alizeti madumu ya viuatilifu yamejaa kila uani, yameoshwa, yanang'aa. Chukueni fedha, kamati inunue mafuta yaliyofungwa kiwandani, yenye vitamini A kama yanapatikana. Na chumvi vivyo hivyo, yenye madini joto, ya pakiti.

Hatua ya 4: Stoo

Magunia yakae juu ya chaga, si sakafuni, na yaachane na ukuta kwa nusu mita ili mtu apite nyuma kuona panya na mchwa. Adui mkubwa ni dumuzi, yule ambaye wengi wanamwita Scania; akiachwa, kufikia Januari gunia lina unga na maganda. Mifuko ya PICS inamkomesha bila dawa: ina mifuko miwili ya nailoni ndani na gunia nje. Jazeni mfuko wa ndani kabisa, sukumeni hewa yote, sokoteni mdomo, ukunjeni na kuufunga kwa kamba. Kisha wa pili, kisha gunia. Wadudu wanakosa hewa. Kosa la kawaida ni kufungua kila mfuko kuangalia. Mfuko ukifunguliwa hewa inaingia, kwa hiyo fungueni mmoja, umalizeni, ndipo mwende kwa mwingine. Mahindi mabichi kwenye PICS yanavunda haraka kuliko kwenye gunia la kawaida, ndiyo maana chupa ya chumvi imetangulia.

Mlango uwe na kufuli mbili, funguo kwa watu wawili wasio wa nyumba moja. Dawa, mbolea, mafuta ya taa na saruji visilale humo hata usiku mmoja.

Hatua ya 5: Jiko, sufuria, maji

Makande ya watoto 400 yanafika lita 180. Sufuria isijae kupita robo tatu, kwa hiyo mnahitaji ujazo wa lita 240: mbili za lita 120 au tatu za 80. Tatu ni bora, zinachemka haraka na mtu mzima anaweza kuzikoroga hadi chini. Maji ya kupikia ni kama lita 3 kwa kila kilo ya nafaka. Kwa kilo 60, lita 180, mbali na ya kulowekea, kuosha vyombo na kunawa. Msipokuwa na bomba, tangi la maji ya mvua litangulie sufuria.

Serikali imezielekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa kuanzia mwaka 2024. Ulizeni halmashauri kuhusu gesi, umeme au mkaa mbadala kabla hamjajenga jiko la kuni ambalo mtaambiwa mlibomoe.

Wapishi wawe wanne, wapimwe afya kila miezi 6, na walipwe. Mpishi wa kujitolea anajilipa kwenye mafuta. Hatuwalaumu.

Hatua ya 6: Siku ya kupika

Mahindi hulowekwa leo kwa mahudhurio ya kesho, na kesho hamuijui. Chukueni wastani wa siku tano zilizopita. Siku ya mnada tumieni mahudhurio ya mnada uliopita, maana watoto hupungua.

Saa 12 jioni: chagueni, osheni, lowekeni mahindi na maharage mbalimbali, maji yapite juu ya nafaka kwa urefu wa kiganja. Yakilala zaidi ya saa 12 kwenye joto yanachacha, makande yanakuwa na ukakasi. Mahindi yaliyokobolewa yanaiva kwa saa mbili. Mazima kwa saa tatu hata yakilowekwa. Kukoboa kunapunguza uzito na virutubisho, lakini kunapunguza pia sumukuvu, moto na malalamiko ya tumbo. Kwa watoto wadogo sisi tunachagua kukoboa, na upungufu wa uzito tunauingiza kwenye hesabu ya Hatua ya 1.

Saa 12 asubuhi: mwageni maji ya kulowekea, washeni, wekeni mahindi. Maharage yaingie baada ya saa moja au yachemshwe pembeni. Yachemke kwa nguvu, mapovu yakipasuka katikati ya sufuria, kwa dakika 10 kamili kabla ya kupunguza moto. Maharage mabichi yana sumu yake, na moto hafifu wa muda mrefu hauiondoi. Ndiyo sababu ya watoto kutapika saa mbili au tatu baada ya kula, kisha lawama zinaenda kwa mchawi. Sufuria kubwa hudanganya: pembeni linatokota, katikati ni vuguvugu tu. Korogeni kutoka chini.

Maharage ya miaka miwili hayaivi hata mkiyapigia magoti. Wapishi watatia magadi. Magadi yanalainisha, lakini yanaharibu vitamini B. Dawa yake ni kununua ya msimu huu, na kutumia ya zamani kwanza yakiwa bado yanaiva.

Vitunguu kilo 4, karoti au majani ya kunde mnavyopata, vikaangwe kwenye mafuta na kuungia dakika 20 za mwisho. Chumvi mwishoni. Nusu saa kabla ya kugawa, mpishi mmoja na mwalimu wa zamu wale bakuli zima kila mmoja, kutoka kila sufuria. Kinachobaki baada ya watoto kula kiishe siku hiyohiyo. Kiporo cha shule hakilali.

Hatua ya 7: Kugawa

Siku ya kwanza ya sufuria jipya, lijazeni maji kwa ndoo ya lita 20, na kwa kila ndoo kateni alama kwenye mpini wa mwiko. Tangu hapo mwiko ni kipimo. Makande yakiiva, chovyeni: mkisoma jumla ya lita 172 na waliopo ni 371, kila mtoto ana mililita 460. Tafuteni kopo lenye ujazo wa 450 na hilo ndilo liwe la kugawia, kwa wapishi wote. Bila kopo, wa mwanzo wa foleni wanajaziwa na wa mwisho wanapewa mchuzi.

Mgawaji mmoja huhudumia watoto kama sita kwa dakika. Akiwa peke yake, foleni ya 371 inachukua saa nzima. Wakiwa watatu, dakika 21. Awali na darasa la kwanza watangulie, kwa robo tatu ya kopo. Darasa la tano kwenda juu wapewe kopo lililojaa na nyongeza mwishoni. Kibuyu chirizi kimoja cha kunawia mikono kwa watoto 50, na sabuni iliyofungwa kwa kamba, vinginevyo haimalizi wiki.

Wekeni bakuli na vijiko 40 vya akiba. Asiye na bakuli hula kwenye la rafiki, na bakuli la wawili hulijua mkubwa.

Hatua ya 8: Leja

Mstari mmoja kwa siku, unaandikwa stoo na si ofisini wiki inayofuata. Unafanana na huu:

*Jumanne. Waliopo 371. Mahindi: yaliyotoka kilo 44.5. Maharage 11.1. Mafuta lita 2. Chumvi kilo 1.1. Salio la mahindi kilo 2,316. Saini mbili.*

Ijumaa ya mwisho wa mwezi pimeni kilichomo kwa mizani, mlinganishe na salio la leja, na mbandike namba zote mbili kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi ya kijiji. Zikiachana kwa asilimia mbili, ni panya na vumbi. Zikiachana kwa kumi, bandikeni hivyohivyo. Mzazi aliyeona upungufu ubaoni ataleta tena mwakani. Aliyeusikia kilabuni haleti.

Hatua ya 9: Mahindi yakipungua

Gawanyeni salio kwa kilo 48. Mkipata siku chache kuliko zilizobaki kwenye muhula, chukueni hatua wiki hiyohiyo. Kosa linalozoeleka ni kupunguza kimyakimya, kopo likabaki nusu hadi watoto wakaanza kutoroka baada ya saa 4. Badala yake changanyeni makande na uji wa dona. Uji unataka unga gramu 40 kwa mtoto, kilo 16 kwa watoto 400, yaani kama kilo 18 za mahindi, kwa maji lita 120.

Mfano: zimebaki siku 24 na kilo 720. Makande matupu yangeisha siku ya 15. Makande siku 9 ni kilo 432, uji siku 15 ni kilo 270. Jumla 702, na jiko halizimiki. Makande yawekeni siku za mitihani na Jumatatu, wanapotoka nyumbani baada ya siku mbili bila chakula cha shule. Ratiba itangazwe Ijumaa na siku za uji zitajwe, ili mwenye kiporo nyumbani ajue ni asubuhi ipi ampe mtoto ale kabla hajatoka.